Ziara ya chuo si matembezi: Watoto wa Magindu warudi na nini?

NI jambo la kheri kuona basi lililojaa wanafunzi wa sekondari pamoja na walimu wao likiingia katika geti la chuo kikuu. Vijana hushuka, wakapiga picha mbele ya Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla ya sarafu kuanza kutumika mwaka 2014. Kisha hula wali, wakapanda basi na kurudi makwao. Swali la kujiuliza ni moja: wamerudi na nini?

Ndugu msomaji, chukua mfano wa kijana anayesoma sekondari Magindu, huko Kibaha Vijijini. Kwa kilomita hayuko mbali na vyuo. Dar es Salaam iko upande mmoja, Morogoro upande wa pili, na reli inapita katikati. Anachokosa ni mtu wa kumwambia. Mtoto wa Upanga huenda ana mjomba mhadhiri na dada aliye mwaka wa tatu, hivyo mambo ya chuo anayasikia nyumbani wakati wa chakula. Mtoto wa mkulima au mfugaji wa Magindu huyajua masharti siku anapokataliwa. Kwa mtoto huyo ziara ya siku moja inaweza kuziba pengo la miaka, kwa sharti kwamba iandaliwe.

Katika Suratul Kahf tunasoma kisa cha Nabii Musa (a.s.) aliyefunga safari ndefu kumtafuta mja aliyepewa elimu. Alipomkuta aliomba ruhusa amfuate ili ajifunze. Alijua anachokifuata kabla hajaondoka. Hilo ndilo somo la kwanza la msafiri wa elimu.

Kabla ya kwenda

Kwanza, ziara ifanyike mapema. Shule nyingi huwapeleka wanafunzi wa kidato cha sita, wakati milango mingi imeshafungwa. Anayetaka udaktari wa binadamu atadaiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anayetaka tiba ya mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), fani yenye maana kubwa kwa wafugaji wa Magindu, hawezi kuikwepa Kemia wala Baiolojia. Aliyeacha masomo hayo sekondari kwa sababu rafiki zake waliyaacha, ziara ya kidato cha sita itamwonesha tu alichokikosa. Bora aende akiwa kidato cha kwanza au cha pili.

Pili, kila mwanafunzi aende na maswali yake aliyoyaandika kwenye daftari. Fani hii inataka masomo gani? Inachukua miaka mingapi? Ada ni kiasi gani kwa mwaka, na nje ya ada kuna michango gani? Waliomaliza wanafanya kazi gani? Asiye na swali hataondoka na jibu.

Tatu, siku ichaguliwe kwa akili. Jumamosi ofisi zimefungwa, na wakati wa mitihani hakuna mwanafunzi mwenye nafasi ya kuzungumza. Likizo ya Juni ya sekondari mara nyingi huvikuta vyuo vingi bado vina wanafunzi. Mwalimu aandike barua mapema, aeleze idadi ya wanafunzi na ofisi wanazotaka kuziona.

Mkiwa chuoni

Majengo yana mafunzo yake. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa mwaka 2018 inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, na kijana akiiona ataelewa kuwa kusoma ni kazi ya watu wazima. Hata hivyo asiishie kushangaa. Aende ofisi ya udahili na aulize masharti kama yalivyo.

Hapo kuna jambo Waislamu tunapaswa kulijua vizuri. Ili kijana wa kidato cha nne ajiunge na ngazi ya cheti au stashahada katika vyuo vingi, anatakiwa awe na ufaulu usiopungua masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Maana yake, aliyepata D nne, moja ikiwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, mbele ya chuo ana tatu tu. Hii si hoja ya kuliacha somo hilo. Ni hoja ya kuhakikisha kuwa mengine manne yapo salama. Kwa shahada, muombaji wa kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, katika masomo yanayotakiwa na fani husika.

Baada ya udahili, waulizeni wanafunzi wenyewe. Ofisi itasema kuna mabweni, lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwambia wangapi hukosa kitanda, chumba cha kupanga ni bei gani, na sahani ya chakula ni shilingi ngapi. Wasichana waongozane na mwalimu wa kike, wazungumze na wasichana wenzao kuhusu usalama na makazi. Adhuhuri ikiingia, swalini hapo hapo, kisha kutaneni na viongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Hao ndio watakaompokea kijana wenu siku atakapofika na begi lake.

Aidha, ulizeni habari za mikopo. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kila mwaka wapo wanaokwama kwa karatasi, si kwa ufaulu. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe na RITA, na jina lililoandikwa tofauti na lile la vyeti vya mitihani huleta usumbufu. Mtoto aliyeandikishwa shule kama Hamisi Juma huku cheti kikisema Khamis Juma Salum, aanze kurekebisha leo. Kuhusu riba, ile ada ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikizua maswali, ilifutwa mwaka 2021. Anayehitaji maelezo zaidi aulize na masheikh wake.

Vyuo vya jirani

Si lazima kila ziara iende Mlimani. Mjini Kibaha kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Hapo kijana ataona chuo cha afya na chuo cha maendeleo ya wananchi. Morogoro kuna SUA, na kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inasimama Ruvu na kufika Morogoro. Kwenda na kurudi kwa siku moja si jambo la kutisha tena.

Mkisharudi

Ziara huisha pale kijana anapokaa na wazazi wake na kuwaeleza. Mwalimu awape siku tatu, kila mmoja alete ukurasa mmoja: fani mbili anazozitaka, masomo zinayodai, gharama, na karatasi anazopaswa kuzitafuta. Ukurasa huo ubandikwe ukutani mwa nyumba. Asiyeweza kuuandika alikwenda kutembea.

Sasa tuseme na sisi wa mjini. Wengi wetu tunaoishi Temeke, Magomeni na Kariakoo tuna ndugu Magindu, Kwala na Ruvu. Mtoto wao akija likizo tunamweka dukani auze, au tunampa mdogo wetu wa kumlea. Mwezi mzima anakaa Dar es Salaam na anarudi kijijini bila kuiona Mlimani, ilhali nauli ya daladala tunayo. Kumpeleka kwa siku moja ya kazi na kumsaidia kuuliza ni sehemu ya kuunga udugu. Misikiti nayo, inayochangisha kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, haishindwi kukodi basi moja kwa mwaka kwa ajili ya shule moja ya kijijini.

Tusingoje mtoto akataliwe ndipo tulalamike kwamba watoto wetu hawamo vyuoni. Dirisha la udahili likifunguliwa huwa tumeshachelewa. Kazi inaanza akiwa kidato cha kwanza, na daftari mkononi.

Wabillahi tawfiq.