Somo: Intaneti kwa Watu Wote

Intaneti ni njia ya kupashana habari kwa simu au kompyuta. Mwaka 1989 Bwana Tim Berners-Lee, mtaalamu wa Kiingereza, alibuni Wavuti, yaani kurasa za habari zinazosomwa kwa intaneti. Mwaka 1993 kituo cha CERN huko Uswisi, alikokuwa akifanya kazi, kiliitoa bure kwa watu wote.

Hata hivyo, kuifikia kulihitaji fedha, na maskini walibaki nje. Kwa hiyo mwaka 2009 alianzisha shirika lisilotafuta faida, World Wide Web Foundation. Mwaka 2013 shirika hilo liliunda, pamoja na wengine, muungano wa kudai bei nafuu. Muungano ukaweka kipimo: gigabaiti 1 isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kwa pato la shilingi 100,000, hiyo ni shilingi 2,000.

Shirika lilifungwa mwaka 2024, lakini kazi haijaisha. Mwaka huo karibu theluthi moja ya watu duniani walikuwa hawatumii intaneti.

Maswali
1. Wavuti ilitolewa bure. Kwa nini wengi hawakuifikia?
2. Tafuta asilimia 2 ya pato lako la mwezi. Je, inatosha kununua bando la gigabaiti 1?