Mtu wa Kuchaguliwa Katika Kamati



Siku ya kuchagua kamati ya chama chenu cha ushirika, usitazame ni nani asemaye vizuri. Jiulize: Je, mtu huyu naweza kumpa pesa zangu za maziwa anitunzie?

Watu wa Buruburu, Nairobi, wanalijua jambo hili. Nyumba zao, zilizoanza kujengwa miaka ya 1970, nyingi zinazunguka kiwanja kimoja, na majirani huchanga pesa za kumlipa askari wa lango. Mshika pesa asipoweka hesabu, mwisho wa mwezi askari hana mshahara na lango halina mlinzi. Kwenu hasara ni kubwa zaidi, kwa maana ni mapato ya shamba.

Basi tafuteni sifa hizi:

1. Awe mwaminifu katika mambo madogo. Alipotumwa mbegu dukani, je, alirudisha chenji?

2. Ajue kusoma na kuandika. Asiyeweza kusoma daftari hutia sahihi jambo asilolijua.

3. Asifanye biashara yake ya mazao yale yale yauzwayo na chama. Hawezi kuwatafutia ninyi bei nzuri na huku yeye anataka kununua rahisi.

4. Awe na moyo wa kumwuliza mwenyekiti, "Risiti iko wapi?"

Sifa ya pili na ya tatu ziliandikwa katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka 1997, iliyoweka wajumbe 5 hadi 9. Ya kwanza na ya nne haziandikiki. Ninyi majirani ndio mnaozijua. Chagueni kwa yale mliyoyaona, si kwa chai mliyonyweshwa.