Soya na Kumbukumbu ya Wanawake Waliokoma Hedhi

Mwanamke akaribiapo umri wa miaka hamsini, ovari zake hupunguza sana utengenezaji wa homoni iitwayo estrojeni, na hatimaye hedhi hukoma. Homoni hii haihusiki na uzazi peke yake. Seli nyingi za ubongo, zikiwamo zile za sehemu inayotunza kumbukumbu, zina vipokezi vyake. Ndipo wataalamu walipojiuliza: je, soya yaweza kuziba pengo linaloachwa na estrojeni?

Swali hilo lina msingi. Soya ina kemikali ziitwazo isoflavoni, ambazo umbo la molekuli zake hufanana kiasi na lile la estrojeni. Kwa hiyo zaweza kuingia katika vipokezi vya homoni hiyo, kama ufunguo wa kuchonga uingiavyo katika kufuli. Lakini kuingia si kufungua: nguvu ya isoflavoni ni ndogo sana ikilinganishwa na ya estrojeni yenyewe. Dhana hiyo ilibidi ijaribiwe kwa watu.

Huko Uholanzi, wanawake 202 wenye umri wa miaka 60 hadi 75 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa kila siku gramu 25.6 za protini ya soya, zenye miligramu 99 za isoflavoni. La pili lilipewa protini ya maziwa. Hakuna mshiriki aliyejua amepewa ipi. Baada ya miezi 12 vipimo vya akili havikuonyesha tofauti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Jaribio jingine, lililofanywa Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, liliwafuatilia wanawake 350 kwa miaka miwili na nusu. Hapo pia uwezo wa akili kwa jumla haukutofautiana. Kumbukumbu ya vitu vilivyoonwa kwa macho ilielekea upande wa soya. Lakini vipimo vikiwa vingi, kimoja chaweza kutofautiana kwa bahati tu.

Kwa nini kundi la pili ni la lazima? Mtu arudiapo mtihani hufanya vizuri zaidi kwa kuwa ameuzoea. Pasipo kundi la kulinganishia, maendeleo hayo yangedhaniwa kuwa kazi ya soya.

Hata estrojeni yenyewe ilitoa fundisho. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wanawake wa miaka 65 na zaidi walipewa estrojeni pamoja na projestini. Kati yao, 40 walipatwa na maradhi ya kupungukiwa akili, na katika kundi lililokaribiana nalo kwa ukubwa, lililopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 21 tu.

Soya ni chakula bora, kwani zaidi ya theluthi ya uzito wa mbegu zake kavu ni protini. Na iliwe kwa sababu hiyo. Lakini mama anayeuziwa vidonge vya soya kwa ahadi ya kurudishiwa kumbukumbu anastahili kuambiwa ukweli huu kabla hajafungua mkoba wake.

Maswali

1. Kwa nini washiriki hawakuambiwa wamepewa protini ipi?
2. Eleza kwa nini kufanana kwa molekuli si uthibitisho wa kufanana kwa kazi.
3. Buni jaribio la kupima dai lolote la chakula au dawa lisikikalo mahali unapoishi.