Njia ya Wapagazi kwa Baiskeli: Somo la Maji, Mzigo na Muda

Wengi wetu tunasoma Tabora miaka mitatu, tunafanya UE ya mwisho, tunafunga begi, tunaondoka. Ukimuuliza mhitimu Kwihara iko wapi, anakwambia, "Nimewahi kusikia." Kumbe ni mahali ambapo hapafiki hata kilomita 10 kutoka mjini. Makala hii ni ya kukushawishi ufike huko, tena kwa baiskeli na kwa barabara ya vumbi, kwa sababu kuna mambo ya historia ya mji huu ambayo darasani unayakariri tu, lakini ukiwa umeshika usukani, jua linakupiga na chupa ya maji imebaki nusu, unayaelewa.

Tuanze na darasa kidogo. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaenda hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Hapa pia njia ziligawanyika: moja kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Katanga. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 7. Karibu miezi mitano. Leo kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na tunalalamika treni ikichelewa.

Lakini nani alibeba mizigo? Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, watu wa hapa hapa. Mpagazi alibeba kama kilo 30 begani au kichwani: nguo, shanga na waya wakati wa kuja, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kuwa nyumbani mvua za kulima zikianza. Walikuwa na kirangozi wa kuwaongoza, nyimbo za safari, na ujira waliokubaliana. Tusisahau pia kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa, waliouzwa kama bidhaa. Aliyelipwa na aliyefungwa waliweza kukanyaga vumbi moja siku moja.

Somo la kwanza: muda

Msafara uliondoka alfajiri na mara nyingi ulipiga kambi kabla jua halijawa kali. Mimi nilipuuza hilo. Oktoba iliyopita tulikuwa wanne, tukapanga kwenda bwawa la Igombe, kama kilomita 20 kaskazini mwa mji. Tulikubaliana saa 12 asubuhi. Mmoja akachelewa, mwingine akataka chai na chapati, tukaondoka saa 4. Kila mtu na chupa moja ya lita moja na nusu. Tulijiona tumejipanga kinoma.

Barabara za pembeni mwa Tabora zina mchanga. Kwenye changarawe ngumu unateleza vizuri, halafu ghafla unaingia kwenye mchanga, tairi la mbele linazama, usukani unakataa. Dawa yake ni gia nyepesi, kukaa nyuma kidogo, kuendelea kukanyaga bila kusita, na kutokamata breki ya mbele kwa pupa. Sisi hatukujua. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Saa 7 mchana maji yameisha, bwawa hatujaliona, na mwenzetu amepata pancha ya mwiba. Pampu tulikuwa nayo, viraka hatuna.

Somo la pili: maji

Tuliokolewa na mzee mmoja mwenye Phoenix iliyopakiwa magunia mawili ya mkaa. Tulimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye mti, akatoa mfuko mdogo wenye gundi, viraka na kipande cha msasa. Dakika 15 tyubu ikawa imerudi ndani. Alipomaliza akauliza, "Maji mlibeba kiasi gani wanangu?" Tukamwonyesha chupa. Akatikisa kichwa: "Hizo ni za kutoka hapa hadi kwenye kisima. Mngeuliza kwanza kisima kiko wapi." Akatuelekeza kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya miembe, mita kama 300 tu kutoka pale tulipokuwa tunakata tamaa. Mama wa pale alitupa maji ya kunywa bila kutuuliza tunatoka wapi.

Hapo ndipo nilipoelewa njia ya misafara. Tunaichora kwenye daftari kama mstari ulionyooka, lakini kwa anayetembea ilikuwa mnyororo wa vituo vya maji na chakula. Njia ilipinda kufuata kisima. Unyanyembe ulikua kwa sababu palikuwa na maji, mashamba na mahali pa kupumzika wiki kadhaa kabla ya safari nyingine.

Maji yenyewe yana hadithi ndefu. Mto Igombe unaelekea magharibi na kuungana na mfumo wa Malagarasi. Kusini mwa mji, mto Wala unamwaga Ugalla, na Ugalla nao unaishia Malagarasi. Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo linatoa maji yake kuelekea mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Yaani mvua inayonyesha Igombe inakwenda Atlantiki, wakati wapagazi wetu walikuwa wanaelekea Bahari ya Hindi. Bwawa la Igombe lilinywesha mji huu kwa miaka mingi kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika. Ukifika pale ukaona vyanzo vikizungukwa na visiki, utajiuliza mkaa tunaopikia gheto unatoka wapi. Nilijiuliza, na nilikumbuka magunia ya yule babu aliyetusaidia. Sikupata jibu rahisi.

Somo la tatu: mzigo

Kwihara kuna tembe alikoishi Livingstone. Alifika na Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, yeye akabaki hadi Agosti akisubiri watu na mizigo kutoka pwani. Mwaka uliofuata alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake, wakapita hapa hapa Unyanyembe, wakaufikisha pwani mwanzoni mwa 1874. Majina ya wachache hao tunayajua. Ya maelfu ya wapagazi wengine hatuyajui, ingawa bila wao hakuna mgeni ambaye angefika.

Sasa mwangalie yule babu wa mkaa, kijana wa madumu ya maziwa, mama mwenye ndizi kwenye keria. Mzigo umehama kutoka begani kwenda kwenye baiskeli. Tunapishana nao kila asubuhi tukienda lekcha, na mimi kabla ya siku ile sikuwahi kumwamkia hata mmoja.

Njia tatu za kuanza nazo

Fupi: mjini hadi Kwihara, rudi kwa kupitia Itetemia, eneo la watemi wa Unyanyembe. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, ngome ilipovamiwa akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Asubuhi moja inatosha.

Ya kati: Igombe kwenda na kurudi. Siku nzima. Ukifika bwawani usiingie majini kabla ya kuuliza wenyeji.

Ndefu: Urambo, kama kilomita 90 magharibi, makao ya Mirambo. Vita vyake na Waarabu wa Tabora viliifunga njia hii mwaka 1871, ndiyo maana Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Nenda na kundi, lala huko, rudi kwa basi kama miguu imegoma.

Huhitaji baiskeli ya bei kubwa wala kusubiri bumu. Phoenix ya kuazima yenye breki nzima na tairi pana inatosha. Beba pampu, viraka, gundi, spana, kofia, na maji lita 3 kwa kila mtu. Punguza upepo kidogo ukiingia mchangani. Kuanzia Novemba mvua zikikolea, epuka mbuga za udongo mweusi, utabeba baiskeli badala ya kubebwa.

Na beba maswali haya, mkajadili mkifika: Kwa nini njia imepinda hapa? Nani amepanda mwembe huu? Mtu aliyepita hapa na kilo 30, angekunywa maji wapi? Anayepita leo na magunia mawili, anaitwa nani? Swali la mwisho usilijibu kwa kukisia. Mwamkie, umuulize.