Skuta Inapokosa Mvuto: Belti na Rola Kwanza, Injini Baadaye

Ukitoka Kombani kwenda Kwale mjini, barabara huanza kupanda kuelekea Golini, na hapo ndipo skuta ndogo huumbuka. Injini inavuma, mwendeshaji amefungulia mafuta hadi mwisho, abiria ameshika nyuma, na bado chombo kinajikokota huku matatu na malori yakipiga honi. Hali hiyo si ya kuchekesha. Anayejikokota mlimani magari makubwa yakimpita kwa karibu yuko hatarini, naye ana haki ya kumuuliza fundi jinsi ya kuongeza mwendo.

Swali linalofaa kutangulia ni hili: nguvu iliyokuja na skuta kutoka kiwandani imeenda wapi? Mara nyingi haikupotea ndani ya injini. Imepotea njiani, kati ya injini na gurudumu la nyuma, na kuirudisha ni kazi nafuu kuliko kununua silinda mpya.

Skuta nyingi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina belti ya mpira inayozunguka kwenye kapi mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Kapi ya mbele mafundi huiita varieta, na ndani yake mna rola ndogo za mviringo, kwa kawaida sita. Injini ikiongeza kasi, rola hizo hutupwa nje na mzunguko, zikasukuma sahani ya kapi, na belti ikapanda juu mbele huku ikizama chini nyuma. Ndiyo namna skuta inavyojibadilishia gia yenyewe.

Sasa, belti hulika ubavuni. Kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyoshindwa kupanda hadi ukingo wa varieta, na skuta iliyokuwa ikifika kilomita 80 kwa saa inaanza kuishia 65 bila mwenyewe kujua sababu. Kuna kipimo rahisi ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya. Afungue kifuniko cha belti injini ikiwa imezimwa, achore mstari kwa kalamu ya wino kutoka katikati ya kapi ya mbele hadi ukingoni, arudishe kifuniko, kisha skuta iendeshwe hadi mwendo wake wa mwisho mahali palipo wazi na salama. Akifungua tena ataona belti imefuta wino hadi wapi. Wino ukibaki mwingi karibu na ukingo, belti haipandi inavyopaswa: imelika, au rola zimekwama. Upana wa belti upimwe na kulinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Rola nazo zitazamwe moja moja. Iliyo nzima ni ya mviringo kabisa. Iliyolika huwa na ubapa upande mmoja, haibingiriki, na skuta huondoka kwa kusitasita na kuruka-ruka. Zinabadilishwa zote kwa pamoja, kamwe si mbili au tatu.

Hapa ndipo palipo na nafasi halali ya kurekebisha mwendo. Rola huuzwa kwa uzito, na tofauti ya gramu moja kwa kila rola huhisiwa barabarani. Rola nyepesi huiacha injini izunguke kwa kasi zaidi kabla belti haijapanda, kwa hivyo skuta huondoka upesi na kupanda mlima vizuri, lakini hunywa petroli zaidi na hupiga kelele ikiwa tambarare. Rola nzito hutuliza injini na kuokoa mafuta, ila mlimani huchosha. Anayebeba abiria kupanda Golini kila siku anaweza kufaidika na rola nyepesi kidogo. Anayezunguka Ukunda na Diani, ambako ardhi ni tambarare, hana haja nazo. (Kwa pikipiki za mnyororo, kazi kama hiyo hufanywa kwa kubadilisha idadi ya meno ya gia za mnyororo, na gharama yake ni ileile: ukipata mvuto, unapoteza mwendo wa juu.)

Injini ikilia sana na skuta isiende, klachi ndiyo ya kushukiwa. Viatu vyake vikishang'aa kama kioo huteleza. Fundi huvikwaruza kwa msasa mwembamba, au huvibadilisha vikiwa vimekwisha. Tone la oili au grisi kwenye belti huleta utelezi huohuo.

Yaliyobaki ni ya kawaida, na bado ndiyo yanayopuuzwa. Vumbi la barabara za Kinango huziba kichujio cha hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Plagi yenye masizi meusi inaashiria petroli nyingi mno au hewa kidogo. Tairi dogo la skuta likipungua upepo huvuta chombo nyuma, na upepo upimwe tairi likiwa baridi. Breki inayobana bila kushikwa hula nguvu na mafuta: simamisha skuta kwa stendi ya katikati, zungusha gurudumu kwa mkono, usikilize. Kisha kuna petroli ya chupa kando ya barabara. Tatizo la kuchanganya petroli na mafuta taa lilikuwa kubwa hadi mwaka 2018 serikali ya kitaifa ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kulizima. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugonga na kukosa mvuto.

Njia za mkato zinajulikana pia. Kuondoa kichujio cha hewa huongeza mlio, halafu mchanga unakwaruza silinda. Kutoboa silensa huudhi mtaa mzima, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA zinahusu vyombo vya barabarani pia. Kuweka silinda kubwa kwenye skuta ya 50cc kuna tatizo la karatasi: leseni ya daraja A1 huishia 50cc, na injini isiyolingana na logbuku inaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa ajali ikitokea.

Halafu breki zinabaki zilezile. Kwenye lami kavu, mwenye breki nzuri akienda kilomita 40 kwa saa anahitaji takriban mita 21 kusimama, ikiwemo sekunde moja ya kushtuka. Kwa kilomita 60 anahitaji karibu mita 40. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, umbali umekaribia kuwa maradufu, na mvua ikinyesha unazidi. Sheria ya Trafiki hairuhusu zaidi ya kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye vituo vya biashara.

Mwenye kwenda kununua belti achukue ile ya zamani mkononi, kwa kuwa skuta mbili za ukubwa mmoja zinaweza kutumia belti za urefu tofauti. Namba iliyopigwa juu yake ndiyo ya kulinganisha. Siku inapofungwa, kilomita zilizo kwenye geji ziandikwe ndani ya kifuniko cha kiti, na fundi aombwe akague breki za mbele na nyuma kabla skuta haijatoka gereji.