Weka Bisibisi Chini

Kila wiki naletewa mgonjwa yuleyule. Kompyuta ya gemu, taa za rangi kila kona, ubavu wa kioo, kadi ya grafiki ya bei ya pikipiki, na chini kabisa, imeshikwa na skrubu moja badala ya nne, hadidiski ya mtumba iliyokwisha kuzunguka miaka sita. Mwenye mali anasimama mlangoni na kulalamika: "Fundi, gemu inakwama." Haikwami, kijana. Inasubiri.

Basi maagizo ni haya. Sikuyalainisha, kwa kuwa maneno laini ulishayapata dukani na umeona yalikokufikisha. Kanuni ninayoitaka ni moja, na nyingine zote ni watoto wake: usinunue kitu wala usifungue kitu kabla ya kupima.

Dukani

Usiweke gemu za leo kwenye hadidiski. Ndani yake mna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, au 5,400 kwa zile za taratibu, na mkono unaokimbia huku na huko kutafuta data. Ukiiagiza faili moja kubwa lililolala sawasawa, itakupa megabaiti 150 au hata 200 kwa sekunde. Lakini gemu haiombi faili moja. Inaokota maelfu ya vipande vilivyotawanyika, na mkono ule unageuka mpiga debe anayekimbilia kila daladala. Mwendo unaporomoka hadi megabaiti moja au mbili. SSD haina sahani wala mkono. Ile ya SATA hufika megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe ya PCIe 3.0 hufika 3,500, na ya PCIe 4.0 hufika 7,000. Tangu PlayStation 5 itoke mwaka 2020 ikiwa na SSD ndani, watengenezaji wa gemu waliacha kuihurumia hadidiski. Starfield ya mwaka 2023 inadai SSD na gigabaiti 125 za nafasi. Baldur's Gate 3 ya mwaka huohuo inadai SSD na gigabaiti 150. Hawakuombi, wanakuarifu.

Usilipie PCIe 5.0 kwa ajili ya gemu. Ukitoka kwenye hadidiski kwenda SSD ya SATA, utaona tofauti hata ukiwa umesinzia. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwenye gemu nyingi unaokoa sekunde chache za kupakia. Zaidi ya hapo unalipia namba za kuwatambia rafiki zako. Fedha hiyo inunulie ukubwa: terabaiti 2 za mwendo wa kawaida zina faida kuliko terabaiti 1 ya mwendo wa ajabu iliyojaa hadi shingoni. Na usiijaze. SSD iliyobakiwa na nafasi kidogo hupunguza mwendo, maana inakosa pa kupangia mambo yake. Acha walau sehemu moja ya kumi wazi.

Usimgombeze muuzaji kwa kuwa terabaiti 1 inaonyesha 931 kwenye Windows. Hapo hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hasira yako itunze, kuna pa kuitumia hapo chini.

Soma kitabu cha mazabodi kabla hujatoka nyumbani. Kile kipande chembamba cha M.2, upana milimita 22 na urefu milimita 80, ni umbo tu. Kinaweza kuwa SATA, kinaweza kuwa NVMe, na tundu la mazabodi yako linaweza kukubali kimoja na kukikataa kingine. Kuna jambo jingine linalowaliza watu wazima: kwenye mazabodi nyingi, ukichomeka M.2 kwenye tundu fulani, tundu moja au mawili ya SATA hujizima. Mtu anafunga SSD mpya asubuhi, diski yake ya zamani inapotea, na jioni yuko kwangu ana uhakika imekufa. Haijafa. Ihamishie tundu jingine la SATA, nawe ulipie nauli ya kuja na kurudi.

Uliza TLC au QLC. Ya kwanza inaweka biti tatu katika kila seli, ya pili inabana nne. QLC ni rahisi, na kwa kuwekea gemu tu haina ubaya, ila ukiandika kitu kirefu na akiba yake ya haraka ikajaa, mwendo wake unaweza kushuka chini ya hadidiski. Kuhusu kuchakaa, acha woga. SSD nyingi nzuri za terabaiti 1 zina dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 50 kila siku, Jumapili na sikukuu pamoja, utazimaliza baada ya miaka zaidi ya 30. Kadi yako ya grafiki itakuwa imekwisha kugeuka pambo la kabatini.

Usinunue diski ya terabaiti 16 kwa bei ya chipsi kuku. Hapa ndipo pa kutumia ile hasira. Ndani ya kasha lile zuri mna kadi ya kumbukumbu ndogo, pengine imebandikwa kwa gundi, na programu iliyofundishwa kudanganya. Kompyuta ikiuliza ukubwa, inajibu 16. Unaandika picha za harusi, zinakaa. Unaandika video, zinakaa. Majina ya mafaili yote yanaonekana. Siku ya kuyafungua ndipo unakuta yale ya mwanzo yameandikiwa mengine juu yake au ya mwisho hayakuwahi kuandikwa popote. Dawa ipo na ni ya bure: programu ya H2testw, iliyotoka kwa watu wa jarida la c't la Ujerumani. Inaijaza diski nzima, kisha inasoma yote upya na kulinganisha. Iendeshe siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Muuzaji akikwambia kupima kunaharibu diski, mrudishie mzigo wake papo hapo.

Usiamini neno "mpya" kwa kuwa stika inang'aa. Mapema mwaka 2025 kule Ujerumani wateja waligundua hadidiski za Seagate walizouziwa kama mpya zilikuwa zimekwisha kufanya kazi maelfu ya saa. Vihesabio vya kawaida vya SMART, ile taarifa ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, vilikuwa vimefutwa. Ukweli ulibaki kwenye kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM. Yakitokea hayo kwa Wajerumani, nani atakuapia kuhusu mzigo ulioteremshwa Kariakoo jana usiku?

Mtumba sikukatazi. Nakukataza kununua bila kuusoma. Chukua programu ya CrystalDiskInfo, inayosoma SMART, kwenye fleshi, chomeka diski mbele ya muuzaji, tazama saa ilizowashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imeamka bila kulala miaka minne na nusu. Kisha tazama mistari mitatu. Namba 05 ni sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Palipo na chochote zaidi ya sifuri kwenye C5 au C6, sema asante, ondoka.

Umeme

Usichanganye nyaya za pawa saplai. Nitalirudia, maana hili ndilo linaloua diski nyingi kwa mkupuo mmoja: usichukue waya wa pawa saplai moja ukauchomeka kwenye nyingine, hata kama unaingia vizuri, hata kama rangi ni ileile. Upande wa diski plagi zina utaratibu mmoja dunia nzima. Upande wa pawa saplai yenyewe kila kiwanda kinapanga pini kinavyotaka, na wakati mwingine hata matoleo mawili ya kiwanda kimoja hayalingani. Penye volti 5 panaingia 12, na diski inakufa kabla hujanusa harufu. Nalijua hili kwa gharama. Mwaka mmoja, nikiwa na haraka na mteja yuko mlangoni, nilitoa pawa saplai iliyokufa nikaacha nyaya zake mahali pake ili nisifungue zipu zote upya, nikachomeka mpya. Diski mbili ziliondoka kwa pamoja. Moja ilikuwa ya mteja. Nyaya za zamani sasa natoa zote, hata kama kazi itafika saa tano usiku.

Tazama nyuma ya pawa saplai za zamani na za bei ya chini. Kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Kwetu ni 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka ukutani, utasikia mlipuko, halafu utaacha kusikia chochote.

UPS si ya kuendelea kucheza gizani. Ni ya kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, kinachoumia ni orodha inayosema kila faili liko wapi, na orodha ikipotea, mafaili yapo lakini hakuna anayejua yalipo. Diski haijui kama ni hitilafu ya njia kuu au ni wewe uliyesahau kununua umeme wa LUKU. Na umeme unaporudi usikimbilie kuwasha. Unarudi na kishindo. Subiri dakika kadhaa, kama unavyofanya kwa friji.

Mashine ikiugua

Usianze na bisibisi. Anza na nakala. Ikiwa diski bado inasomeka, kila unachokihitaji kitoke kwanza, ndipo uchunguzi uanze. Gemu zitapakuliwa tena, ingawa bando litakuuma. Picha za marehemu bibi hazipakuliwi popote.

Hadidiski ikigonga tik, tik, tik, zima. Sasa hivi. Usiiwashe tena "kuona kama imepona". Usiifungue: kichwa chake kinaelea juu ya sahani kwa nafasi nyembamba kiasi kwamba chembe ya vumbi kwake ni mlima. Usiiweke kwenye friza. Nani alianzisha ushauri huu sijui, ila unyevu unaoganda juu ya sahani humalizia kazi. SSD nayo haigongi. Huondoka kimya, mara nyingi bila kuaga, na kilichofutwa humo usitegemee kukirudisha, kwa sababu amri ya TRIM huiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa. Na usiipange upya vipande vyake kama tulivyokuwa tukifanya kwa hadidiski. Hufaidi kitu, unaiandika bure.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Uandike kwenye karatasi. Aliyebadili RAM, waya na programu kwa pamoja, mashine ikapona, hajui kilichoiponya, na ikiugua tena ataanza alipoanzia.

Anza na visivyo na gharama. Mwanga haupo kwenye skrini? Angalia kama waya umechomekwa kwenye kadi ya grafiki au kwenye mazabodi. Usicheke, robo ya wanaokuja kwangu jioni wanarudi nyumbani kwa hili. Mazabodi nyingi zina taa nne ndogo za uchunguzi: ya prosesa, ya RAM, ya grafiki na ya kuwashia mfumo. Itakayobaki inawaka ndiyo inayonyoosha kidole. Ikiwa ni ya RAM, zima, chomoa waya wa ukutani, toa vipande, virudishe hadi usikie vimebana. Vikiwa viwili kwenye matundu manne, kwa kawaida vinakaa la pili na la nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Saa inarudi nyuma kila ukiwasha? Betri ya CR2032, ileile ya duara, bei ya soda kadhaa.

Diski ikipotea na kurudi, usiilaani kwanza. Tazama namba C7 kwenye SMART. Hiyo inahesabu makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi, na njiani ni waya. Badili waya wa SATA. Namba haitashuka, haishuki kamwe, ila ikisimama palepale, umepona kwa bei ya waya.

Skrini ya bluu isiyo na mpangilio, leo sababu hii kesho ile, ni tabia ya RAM. Zima XMP, ule mpangilio wa kuikimbiza RAM, kisha iache programu ya MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukipeleka kipande dukani. Lakini mashine inayozima ghafla katikati ya vita, bila bluu, bila neno, tazama pawa saplai na joto. Windows itakuandikia Kernel-Power 41 nawe utaitafuta kama jina la ugonjwa. Ile ni taarifa ya msiba. Inasema mashine ilizimika vibaya, haisemi nani kaiua.

Joto letu usilidharau. Chumba cha Dar mwezi wa Februari, feni zimevaa sufi ya vumbi, na SSD ya NVMe imelala chini ya kadi ya grafiki inayopuliza moto. Ikipata joto kali hujipunguzia mwendo yenyewe, na wewe unaamini imechakaa. Puliza vumbi huku umeishika feni isizunguke. Na angalia kama ulibandua ile nailoni ya kinga chini ya kipoza joto. Naikuta mara kwa mara, safi, na maandishi yake ya kuamrisha ibanduliwe.

Sasisha programu ya ndani ya SSD kabla haijaugua. Mwaka 2023 ilibainika kwamba baadhi ya 980 Pro za Samsung zenye toleo la zamani ziligeuka ghafla kuwa za kusoma tu. Toleo jipya lilizuia ugonjwa kwa zilizo nzima, halikuzifufua zilizokwisha kuanguka.

Usisakinishe Windows upya kama dawa ya kwanza. Waya uliolegea haujali umesakinisha mara ngapi.

Ukishindwa, njoo. Njoo na ile karatasi: ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, ulibadili nini na kwa mfuatano gani. Usiniambie "haifanyi kazi tu". Na kama tatizo si la diski, ichomoe kabla hujaniachia mashine, uende nayo nyumbani. Mimi ninayo yangu ya kupimia.