Klachi Inayoteleza: Somo la Msuguano Katika Gari la Zamani

Gari linapopanda mlima, injini ikazidi kunguruma huku mwendo wa magurudumu ukipungua, dereva husema kwamba klachi inateleza. Mara nyingi hatua inayofuata ni kununua sahani mpya ya klachi na kuifunga. Baada ya miezi michache hitilafu ileile hurudi, kwa kuwa kilichobadilishwa ni kile kilichoharibika, wala si kile kilichokiharibu. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni za msuguano zinavyomwezesha fundi kutambua chanzo kabla ya kufungua hata nati moja. Mfano uliochaguliwa ni Land Rover ya Series III, gari lililoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ambalo muundo wake ni rahisi kufuatilia.

Kazi ya klachi

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Sahani yenye tabaka la msuguano pande zote mbili hubanwa kati ya flaiwili, inayozungushwa na injini, na presha pleti yenye springi kali. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda kuu hadi silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi. Springi hulegezwa, na sahani huwa huru. Akiachia pedali, springi hubana tena.

Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kuipitisha hutegemea mambo manne yanayozidishwa pamoja: idadi ya nyuso zinazosuguana, kizigeu cha msuguano, kani ya kubana, na nusukipenyo cha wastani cha sahani. Chukua mfano wa nyuso 2, kizigeu 0.3, kani ya nyutoni 4,000 na nusukipenyo cha mita 0.1. Jibu ni nyutoni-mita 240. Injini ya petroli ya lita 2.25 hutoa karibu nyutoni-mita 165 kwa upeo wake, hivyo klachi hii inayo akiba ya kutosha.

Sasa oili ikiingia na kupunguza kizigeu hadi 0.1, jibu huwa nyutoni-mita 80 tu. Katika tambarare gari litakwenda bila taabu. Mlimani, likiwa na mzigo au mgonjwa anayekimbizwa hospitali, litashindwa.

Kuteleza huzaa joto. Klachi inayopitisha nyutoni-mita 150, huku injini ikiizidi sahani kwa mizunguko 500 kwa dakika, huzalisha joto la karibu wati 7,850. Hilo ni sawa na pasi nane za umeme za wati 1,000 zilizofungiwa ndani ya chungu kimoja. Ndiyo maana klachi iliyoanza kuteleza kidogo huungua upesi.

Kutambua hitilafu

Kwanza, hakikisha kwamba ni klachi kweli. Injini iliyochoka hupunguza mngurumo pamoja na mwendo wa gari. Klachi ikiteleza, mngurumo hupanda peke yake. Jaribio hufanywa mahali tambarare: magurudumu yazuiwe kwa magogo, breki ya mkono ivutwe, breki ya mguu ikanyagwe, na mtu yeyote asisimame mbele ya gari. Ingiza gia ya juu, ongeza mafuta kiasi, kisha achia pedali ya klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Ikiwa injini inaendelea kuzunguka, zima; jaribio lisirudiwerudiwe, kwa kuwa kila sekunde huiunguza sahani.

Pili, anza na sababu zilizo nje. Fimbo inayosukuma pistoni ya silinda kuu lazima iwe na mchezo mdogo. Isipokuwa nao, kitundu cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, husukuma silinda ndogo, na klachi hulegea kana kwamba dereva amekanyaga pedali. Mpira wa kupitishia mafuta uliovimba kwa ndani huleta dalili hiyohiyo. Injini ikiwa imezimwa, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ndogo, macho yakiwa yamekingwa. Mafuta yakiruka kwa nguvu ilhali pedali haikuguswa, chanzo kimepatikana, wala giaboksi haina haja ya kushushwa.

Tatu, chunguza tundu lililo chini ya nyumba ya flaiwili. Oili inayodondoka hapo ni ushahidi mkubwa. Ikiwa ni oili ya injini, sili ya nyuma ya krenkishafti imechoka. Ikiwa ni nzito na ina harufu kali ya salfa, imetoka katika giaboksi. Tundu hilo lina kizibo ambacho hufungwa gari linapovuka mto. Kikisahauliwa baada ya kuvuka, oili hukusanyika ndani na kuifikia sahani.

Matengenezo

Uchunguzi wa nje usipotoa jibu, au ukionyesha oili, ndipo klachi hufunguliwa. Katika gari hili giaboksi, yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, hutolewa kwa kupitia ndani ya kebini baada ya kuondoa sakafu na boksi la viti. Kazi hiyo haifai kufanywa mara mbili kwa kosa moja.

Vumbi la klachi lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo. Sahani za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo husababisha kansa ya mapafu. Vumbi lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa kibichi, na fundi avae kizuia vumbi kinachofaa.

Sahani hubadilishwa ikiwa imelowa oili au imelika hadi karibu na ribiti. Flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya buluu yaliyoletwa na joto hupelekwa kuchongwa. Presha pleti yenye dalili hizo hubadilishwa. Sili iliyovuja hubadilishwa kabla ya sahani mpya kufungwa. Sahani huwekwa katikati kwa kutumia mhimili wa kuelekezea, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana.

Mazoezi

1. Springi imelegea kwa joto na kani imeshuka hadi nyutoni 2,500. Vipimo vingine ni kama vya mfano wa kwanza. Je, klachi itapitisha nyutoni-mita 165?

2. Vuta kipande cha ubao juu ya meza kwa mizani ya springi, kwanza kikiwa kikavu, kisha juu ya meza iliyopakwa oili. Linganisha vizigeu vya msuguano.

3. Eleza kwa nini klachi iliyochoka huanza kuteleza katika gia ya juu kabla ya gia ya kwanza.